Thelathini na Sita na Nusu

Kipimajoto cha Matroni kilikuwa cha kioo, chenye zebaki ndani. Kilikaa kwenye kifuko cha ngozi alichokishona mwenyewe, na kifuko kililala kifuani mwake, mahali ambapo wanawake wengine huficha leso. Kwenye jengo letu tulisema alizaliwa nacho. Tulisema siku ya harusi yake alimpima bwana harusi mlangoni kabla ya kumkubali, na kwamba mume huyohuyo, siku ya kufa, alikufa kwa ruhusa, baada ya zebaki kuridhia. Sehemu ya maneno haya ni uongo. Sehemu iliyobaki nimeipunguza ili iaminike.

Yasiyo na chumvi ni haya. Alikuwa matroni wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, mlinzi wa chumba cha wagonjwa, na kazi yake kubwa haikuwa kuuguza bali kukamata. Watoto wa bweni wanajua ujanja. Mmoja huchovya kipimajoto kwenye chai ya moto, mwingine hukisugua kwenye blanketi, mwingine huingia na kitunguu kwapani akinuka kama jiko. Matroni aliwakamata wote. Alikuwekea kipimajoto kwapani, akaushika mkono wako na kuubana kwa mkono wake mwenyewe, akakutazama usoni bila kupepesa. Zebaki ikisimama thelathini na sita na nusu, alitamka neno moja tu, "Mzima," na mtoto akarudi darasani hata kama alitapika njiani. Alijua kila homa ya uongo iliyowahi kutungwa duniani. Uzima wa uongo hakuwahi kukutana nao, wala hakujua kama upo.

Alipostaafu alikuja na sheria yake ghorofa ya juu kabisa, kwa mwanawe wa pekee. Mwanawe alikuwa mtangazaji wa stendi kuu ya mabasi, na sauti yake, ikitoka kwenye vipaza sauti, ilikuwa nzito na tamu kiasi kwamba abiria walikosa basi wakiisikiliza ikiwaambia basi linaondoka. Nyumbani sauti ile aliivua mlangoni pamoja na viatu. Mbele ya mama yake alizungumza kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya msiba.

Mtangazaji akaoa fundi saa.

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye vidole vyembamba na lensi nyeusi aliyoibana kwenye jicho la kushoto, na meza yake ya kazi aliiweka dirishani, ghorofani humohumo. Saa za ukutani, za mkononi, za mezani, zote zilipanda ngazi kumfuata. Ukipita kwenye korido ulisikia chumba kizima kinatafuna. Matroni hakumpenda, hakumchukia. Alimpima siku ya kwanza, akakuta thelathini na sita na nusu, akasema, "Mzima. Ataweza kazi."

Kisha jicho la kushoto likaanza kuuma. Lilimuuma likigeuka, na baada ya siku chache kila chekundu alikiona kahawia, kisha kahawia ikawa ukungu. Matroni akatoa kifuko. Thelathini na sita na nusu.

"Mzima," akasema. "Umeyakodolea macho magurudumu ya saa mno. Lala mapema."

Alikwenda hospitali, wakamtundikia dripu za kupunguza uvimbe, na jicho likarudi. Hapo ndipo alipokosea, maskini. Kama jicho lingekataa kurudi, labda angeaminiwa.

"Mnaona?" Matroni alituambia bombani, ndoo mkononi. "Upofu wa wiki mbili. Nimewaona vipofu, nyie. Kipofu harudi."

Mara ya pili zilikuwa kwikwi. Ziliingia asubuhi moja na kukataa kutoka, kwikwi na kutapika, kwikwi na kutapika, mpaka saa alizozitengeneza zilionekana zimetulia kuliko yeye. Tulicheka, nani asingecheka? Muuza magodoro wa ghorofa ya chini alikuwa akiitikia kwa chini, yeye akitoa moja, huyu naye moja. Kisha miguu ikafa ganzi kuanzia kiunoni, akawa anashuka ngazi kwa makalio. Dripu tena. Miguu ikarudi.

Ndipo jengo zima likampa jina: Bi Mgao. Kama umeme wetu, leo upo, kesho haupo, na hakuna anayekueleza kwa nini.

"Bi Mgao, leo kwako upo?" muuza magodoro alimwuliza kila alipompita.

"Upo, kaka," alijibu. "Chaji simu yako haraka."

Alikuwa na ulimi, nisimwonee. Ila mara ya tatu jicho la kushoto liliondoka na halikurudi tena. Akahamishia lensi jicho la kulia, akajifunza upya kushika skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga, na huku anajua, kwa kuwa daktari wa neva alimwambia bila kumpaka asali, kwamba pigo lingine huenda likachukua la pili.

Siku ya maelezo walikwenda mume na mke. Daktari alikuwa mwanamama mwenye nywele fupi na sauti ya mtu aliyechoka kurudia. Akawawekea picha ya ubongo kwenye kioo cha kompyuta, na madoa meupe ndani yake.

"Nani kafanya hivi?" fundi saa aliuliza.

"Wewe mwenyewe," daktari akasema. "Kinga yako ya mwili. Una askari ndani, wa kupambana na vijidudu. Lakini askari hawa hawana macho, wanafuata filimbi. Kuna protini ndogondogo kwenye damu, kazi yake ni kupeleka habari tu: hapa pana adui, njooni, ongezekeni, ingieni. Mojawapo tunaiita interlukini ya sita. Kwako wewe inapiga filimbi kupita kiasi. Inawaambia askari watengeneze silaha, inawafungulia mlango wa ubongo, na wakiingia wanavunja chochote walichoambiwa ni adui. Wakichoka wanatoka. Ndiyo maana unapata nafuu. Kisha filimbi inalia tena."

"Na hao wapiga filimbi, hamuwezi kuwakamata?"

"Wako wengi mno. Tunaziba masikio ya askari." Akaweka kisanduku cha sindano mezani. "Dawa hii inakaa pale filimbi inaposikika. Utachomwa kila mwezi. Wengi wanaoitumia hukaa muda mrefu bila pigo."

Mtangazaji alishusha pumzi kama tairi.

"Sasa nisikilizeni wote wawili," daktari akasema, "maana hapa ndipo watu wanapofia. Filimbi hiyohiyo ndiyo inayouambia mwili upandishe homa. Ndiyo inayoliambia ini litoe ile alama tunayoitafuta kwenye damu mtu akiwa na maambukizi. Tukishaziba masikio, hayo yote yananyamaza. Ukipata nimonia, ukioza utumbo, homa huenda isipande kabisa. Kipimo cha damu nacho kinaweza kutudanganya. Usiingoje homa, haitakuja."

"Kwa hiyo tutajuaje?" Mtangazaji akauliza.

"Atasema. Akisema anaumwa, anaumwa. Mnamleta siku hiyohiyo, hamsubiri. Neno lake ndilo kipimo."

Fundi saa alifikiri kidogo. "Ni kama saa iliyosimama," akasema. "Mteja anaitazama ukutani, mishale imekaa vizuri, kioo kinang'aa. Kumbe haiendi."

"Hasa," daktari akasema. "Nyumbani kwenu kuna nani mwingine?"

Mume na mke wakatazamana.

"Mama," Mtangazaji akasema.

"Basi mwambie mama."

Njiani kurudi mkewe alimshika kiwiko. "Utamwambia wewe. Nikisema mimi atasema natunga. Niahidi."

"Nakuahidi. Leo hii."

Matroni alikuwa jikoni anachagua mchele. Mtangazaji akasimama mlangoni, akakohoa kurekebisha koo kama anavyofanya kabla ya kuwasha kipaza sauti.

"Mama, daktari amesema..."

"Daktari gani? Yule wa kike? Amempima homa?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Hakumpima." Matroni alitupa kokoto dirishani. "Wamesoma mpaka wamesahau kwapa liko wapi. Enhe, amesemaje?"

Mtangazaji aliutazama mchele, akaitazama kokoto nyingine kidoleni mwa mama yake.

"Anakusalimu," akasema.

Ahadi ilizikwa hapohapo, jikoni, na mkewe alipomuuliza usiku alijibu, "Nimeongea naye."

Dawa ilifanya kazi. Hilo dawa isisingiziwe. Miezi ikapita, jicho la kulia likabaki safi kama dirisha lililofutwa, miguu ikapanda ngazi na saa za watu begani, na jina la Bi Mgao likaanza kuchakaa midomoni mwetu kwa kukosa matumizi. Matroni alijitwalia sifa zote. "Nidhamu," alituambia bombani. "Nilikataa kumlea. Sasa kila nikimpima, thelathini na sita na nusu. Asubuhi, mchana, jioni, haitikisiki! Sijawahi kuona mwili wenye adabu kama ule."

Kisha mkwewe akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu anayeomba njia. Siku iliyofuata kulikuwa na kisu ubavuni kila akivuta pumzi. Siku ya pili yake aliiacha skrubu mezani, akaenda sebuleni akishika ukuta.

"Mama, naumwa. Nipelekwe hospitali leo."

Matroni alivaa miwani, akatoa kifuko. Akamkalisha, akaweka kipimajoto, akaubana mkono, akamkazia macho. Walikaa hivyo, wanawake wawili wametazamana pua kwa pua, mmoja akitoka jasho la baridi. Matroni akakisogeza kioo kwenye mwanga.

"Thelathini na sita na nusu. Mzima."

"Mama, haiwezi kupanda. Si mwanao alikuambia? Ile sindano ndiyo inayozuia homa. Daktari alisema hata nikiwa na nimonia, homa haitakuja. Alisema nikisema naumwa, basi naumwa."

Matroni akavua miwani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtoto wa bweni aliyewahi kulipata kwake: akapiga makofi. Polepole, makofi ya heshima.

"Hodari," akasema. "Miaka yote ile nimeletewa chai, nimeletewa blanketi, nimeletewa vitunguu. Wote walihangaika kuipandisha homa, wajinga wale. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kuniambia homa ipo ila imejificha. Ugonjwa usio na dalili, na shahidi ni mgonjwa mwenyewe! Binti, wewe ungekuwa shuleni kwangu ningekupa zawadi."

"Muulize mwanao."

"Nitamuuliza."

Jioni walikaa mezani watatu. Fundi saa hakula. Alikuwa amekunja mkono ubavuni, na midomo yake ilikuwa na rangi ya wino.

"Umepaka nini hiyo mdomoni?" Matroni akamuuliza. "Mgonjwa na urembo." Kisha akamgeukia mwanawe. "Mwanangu, mkeo anadai kuna dawa inayoficha homa. Eti mnajua wote wawili, eti daktari aliwaambia, na wewe ukaniambia mimi. Umewahi kuniambia?"

Mtangazaji alikuwa na tonge mdomoni. Alilitafuna mpaka likaisha, akaendelea kutafuna.

"Daktari aliongea mambo mengi, mama. Kitaalamu."

"Alisema homa haitapanda?"

"Alisema... inategemea."

"Inategemea nini?"

"Na mtu mwenyewe."

Mkewe aliinua kichwa. "Mume wangu," akasema, na ilibidi avute pumzi katikati, "ukiwa stendi unawaambia watu usiowajua basi lao liko wapi. Mimi niambie langu liko wapi."

Mkewe alimtazama. Mama yake naye alimtazama. Kama angekuwa na kipaza sauti labda angesema. Watu wa jengo letu wanapenda kumtetea hivyo. Alichosema ni hiki:

"Tupumzike kidogo. Tuone kesho."

Ndivyo alivyowaambia abiria kila basi lilipoharibika njiani.

"Umesikia?" Matroni akamwambia mkwewe, na wala hakuwa na hasira, alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi vizuri. "Kula ukalale. Kesho kuna saa za watu."

Asubuhi Mtangazaji aliondoka mapema, akamfunika mkewe shuka vizuri mpaka kidevuni, akasema, "Nikirudi tutakwenda, nakuahidi." Mkewe alinyoosha mkono akaivuta simu karibu. Alikuwa anaihifadhi pumzi kwa kazi nyingine.

Alipiga simu kliniki. Daktari wake alikuwa safarini. Aliyepokea alikuwa karani, kijana mwenye haraka.

"Una homa, dada?"

"Sina. Haiwezi kupanda, natumia..."

"Kama huna homa njoo tarehe yako tu. Leo tuna foleni ya wagonjwa."

Akasikika akicheka, yule fundi saa. Mpangaji wa mlango wa jirani alimsikia ukutani akidhani anazungumza na mumewe. Kicheko kikageuka kikohozi.

Kisha akajaribu ngazi. Alishuka kama alivyojifunza zamani, kwa makalio, ngazi moja, anapumzika kichwa ukutani, ngazi moja. Alifika ghorofa ya chini kabisa, mlango wa barabarani uko wazi mbele yake, magari yanapita, na hapo muuza magodoro akamkuta.

"Lahaula! Bi Mgao, umekatika tena?"

"Kaka, nisimamishie gari," akasema. "Hospitali."

"Matroni anajua?"

Hakujibu, na kutojibu kukamponza. Muuza magodoro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa magodoro. Kitu kikianguka chini hukiokota na kukirudisha kinapokaa. Akambeba mikononi, mwepesi kama mto, akampandisha ghorofa zote huku akihema na kutania njia nzima, "Mgao huu mwaka huu umezidi, itabidi tununue jenereta," na akamkabidhi mlangoni kwa mama mkwe kama mzigo uliopotea anwani.

"Ahsante, mwanangu," Matroni akasema. "Anatoroka kazi. Hata wale wangu walikuwa wakitoroka dirishani."

Akamlaza, akafunga mlango kwa ufunguo ili mgonjwa asiye mgonjwa asijisumbue na ngazi, akarudi kwenye mchele wake.

Mchana ule jengo lilikuwa na joto na usingizi. Saa kwenye chumba cha fundi ziliendelea kutafuna. Adhuhuri zilipiga zote, moja baada ya nyingine, kwa kuwa hakuna aliyezirekebisha tangu juzi, na zilichukua muda mrefu kumaliza.

Alasiri Matroni akaingia na chai. Mkwewe alikuwa amelala ubavu, amegeukia ukuta.

"Amka unywe."

Kimya.

"Umenuna. Haya, nuna. Kununa si ugonjwa."

Akaweka kikombe chini, akatoa kifuko, akakikung'uta kipimajoto kwa kiwiko kama kawaida yake, akauinua ule mkono mwembamba na kukisokomeza kwapani. Mkono ulikuwa mzito, hautoi ushirikiano. Akaubana kwa mkono wake mwenyewe. Akakaa ukingoni mwa kitanda akisubiri, na safari hii hakumkazia macho, maana uso ulikuwa ukutani. Laiti angemgeuza. Fundi saa alikuwa amekata roho muda mfupi kabla mlango haujafunguliwa, na mwili ulikuwa bado haujapata habari.

Matroni akakisogeza kioo kwenye mwanga wa dirisha.

Thelathini na sita na nusu.

Akampigia mwanawe simu. Kule nyuma kulisikika injini na wachuuzi.

"Mkeo nimempima sasa hivi," akamwambia. "Mzima kabisa. Ila ana kiburi, hasemi na mtu."

"Ahsante, mama," Mtangazaji akasema, na wenzake wa stendi wanasema alitabasamu, akaweka simu chini, akawasha kipaza sauti, na sauti ile nzito, tamu, ikawaambia abiria wote kwamba mabasi yote ya jioni yataondoka kwa wakati.

Aliporudi, mama yake alimpa ufunguo. Tulimsikia ghorofa zote. Hatukujua kwamba sauti ile inaweza kufika juu kiasi kile bila umeme. Tulipanda mbio, muuza magodoro mbele, tukajazana mlangoni. Mtangazaji alikuwa amepiga magoti, amemgeuza mkewe, anaipapasa midomo ile ya wino kama anayetafuta swichi.

"Acha kelele," Matroni akasema. "Haiwezekani. Nimempima mimi mwenyewe. Pisha."

Akamsukuma mwanawe kwa goti. Akakung'uta zebaki, akaweka kipimajoto, akaubana mkono. Mkono haukutaka kukunjika. Alikaa pale ukingoni, mgongo umenyooka, macho hayapepesi, kama alivyokaa na watoto wa watu miaka yote, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Saa zilitafuna. Hatimaye akakitoa, akavaa miwani, akakigeuza huku na huku akiitafuta zebaki. Ilikuwa imejikunyata chini kabisa, haijaufikia hata mstari wa kwanza.

Akatugeukia. Uso wake ulikuwa umefunguka.

"Inashuka," akasema, kama alivyokuwa akiwaambia wazazi kwenye korido ya shule, mtoto akianza kupata nafuu.